Siku Mtani Wangu Aliponisalimu kwa Adabu

Kabla sijaanza, niwataje waliokuwepo, maana mpaka leo wako watu wanaosema nilitunga. Alikuwepo mama mkwe wangu, Nyamizi binti Kasanda, mama mzazi wa mume wangu Maganga. Alikuwepo wifi yangu Kalunde, dada yake Maganga, aliyetuzidi wote kwa mdomo. Alikuwepo Gabrieli Shigela, katekista wetu, aliyenifundisha sala kabla sijabatizwa. Alikuwepo Estha, mke wa Yakobo Chilewa, na kaka yake Estha aitwaye Daudi, aliyetoka Ugogo. Na alikuwepo Yakobo mwenyewe. Yeye alikuwepo mara mbili: mara moja ndani ya sanduku, na mara moja nje yake. Hiyo ya nje ndiyo nitakayowasimulia.

Wanangu, haya ni ya kweli. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe yangu ni ile ya mtama tu siku za ngoma, na siku hiyo hapakuwa na ngoma. Tena haikuwa usiku. Watu wakisikia habari za mzimu hufikiria giza na bundi. Mimi wangu nilikutana naye mchana kweupe, nikiwa na kikapu cha uyoga.

Yakobo alikuwa Mgogo pekee kijijini kwetu, yeye na mkewe. Kijiji kilikuwa cha ujamaa, upande wa Ziba, karibu na ile njia ya zamani waliyopita babu zetu wakibeba pembe kwenda pwani. Mambo ya utani mnayajua. Babu zetu Wanyamwezi walipofika Ugogo na mizigo yao, Wagogo waliwatoza hongo ndipo wapate maji ya kunywa, wakagombana weee, na ugomvi ule ukazaa utani mpaka leo. Mtani anakutukana, unacheka. Anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anachukua nyama, anaondoka, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Basi Yakobo alikuwa peke yake dhidi ya kijiji kizima, na alituweza. Kwenye harusi ya Kalunde alisimama akadai bibi harusi ni mke wake wa siku nyingi, akataka arudishiwe mbuzi zake. Mtoto wangu wa kwanza alipobatizwa, alimwambia katekista amwage maji polepole kwa kuwa mtoto amefanana na yeye. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwona anakuja, tayari unacheka, hata hajafungua mdomo.

Sasa, ghala.

Ghala la kijiji lilikuwa la miti na nyasi, na ndani kulikuwa na karanga za mbegu na pamba ya shamba la pamoja. Alasiri moja ya kiangazi likashika moto, likaisha lote kabla hatujafika na ndoo. Hakuna aliyekufa, lakini mbegu ziliteketea, na mwaka uliofuata tulipanda mbegu za kuombaomba. Kila mtu akaanza kutafuta mkosaji. Mama mkwe wangu alikuwa amepita pale muda mfupi kabla, amebeba makaa kwenye kigae, anatoka kuomba moto kwa jirani. Siku hizo kiberiti kilikuwa adimu dukani. Asubuhi ulikuwa ukitazama nyumba ipi inafuka moshi, unaenda na kigae chako.

Kikao cha kamati ya kijiji kikakaa. Mama alisema neno moja tu, kwamba makaa yake alikuwa ameyafunika kwa majivu. Hawakumwamini. Wakaamua kwa desturi yetu ya zamani: asipewe moto, asiombwe moto, na mtu yeyote asile naye.

Ninyi wa leo mtaona ni adhabu ndogo. Hakupigwa, hakufungwa. Lakini hebu fikirini kuishi katikati ya watu na kila jioni moshi unapanda kwenye kila nyumba, na kwako moto umezimwa na mvua iliyovuja, na huna pa kwenda na kigae. Mama alijifunza upya kupekecha moto kwa vijiti, mikono ikatoka malengelenge. Siku nyingine alishindwa, akatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, akalala. Na mimi mkwe wake? Nyumba yangu na yake zilikuwa zinatazamana. Mume wangu aliogopa kamati, nami niliogopa zaidi yake. Nilikuwa naweka chakula mlangoni kwake jua likizama, naondoka bila kukaa. Hilo ni langu, na nimeliungama.

Mlinzi wa ghala siku ile alikuwa Yakobo. Alisema alikwenda kunywa maji.

Ukapita mwaka na zaidi, ikafika Kwaresima. Padre alikuwa akija mara moja kwa miezi mitatu, na Jumapili nyingine Gabrieli alituongoza sala katika kanisa letu la nyasi. Sala zilipokwisha aliuliza kama kuna mwenye tangazo. Kwa kawaida matangazo yalikuwa ya ng'ombe aliyepotea. Yakobo akasimama, na watu wakaanza kutabasamu.

Alisema, "Ghala nililichoma mimi. Nilikuwa navuta kiko juu ya magunia ya pamba, nikasinzia. Nilipoamka moto umeshashika, nikatokea nyuma. Mama Nyamizi hana kosa. Naomba mnisamehe."

Kanisa zima likaangua kicheko. Kalunde akamuuliza na ile mvua ya mwaka juzi iliyokataa kunyesha, aliinywa yeye? Yakobo akangoja tukatulia, akasema tena, sasa kwa sauti ya chini. Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema Mgogo huyu amemaliza nyama zetu, sasa anachukua na dhambi zetu. Tukacheka upya. Gabrieli mwenyewe alijificha uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Na kule mlangoni, alikokaa peke yake, mama mkwe wangu naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ghala liungue. Yakobo aligeuka akamwona anacheka, akabaki amesimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Halafu akakaa tena kwenye gogo lake la kanisani.

Angesema mara ya tatu ingekuwaje? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba tulitoka kanisani tunafuta machozi ya kucheka, tukimsifu kwamba siku hiyo ametupatia kweli.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha Yakobo akaugua tumbo. Lori lililokuja kuchukua pamba likampeleka hospitali Tabora, yeye na Estha. Wiki ya kwanza tukapata salamu kwamba anaendelea vizuri. Wiki ya pili mvua za kwanza zikanyesha, na mimi nikaenda porini kutafuta uyoga.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, jua limetoka kali, na kumbikumbi wamefumuka. Mnawajua kumbikumbi wakishafumuka: wako kwenye nywele, wako mdomoni, wako ndani ya kikapu. Nilikuwa nimeinama chini ya mti, najipangusa uso, nikasikia mtu anasema, "Hujambo, mwanangu?"

Nikainuka. Yakobo huyo, amesimama kwenye kijia, amevaa shati lake jeupe la Jumapili.

"Sijambo," nikasema. "Kumbe umerudi, Mgogo? Huko Tabora wamekuchoma sindano ya adabu?"

Aliniuliza Maganga hajambo, watoto hawajambo, mvua imefika shambani. Aliuliza kama mtu aliyekuja kuposa. Nikaona ananitega, nami nikaongeza. Nikamwambia amenenepa, bila shaka amekunywa uji wa wagonjwa wote wa wodi. Nikamwambia Wagogo hata wakifa watamtoza Mungu maji. Niaminini, nilimtukana pale matusi yote niliyorithi kwa babu zangu, na yeye amesimama ananisikiliza kwa upole, anangoja nimalize. Hapo ndipo nikaanza kumtazama vizuri. Mtu huyu kwa miaka yote hakuwahi kuniacha nimalize sentensi mbili.

Ndipo nikaona jambo la pili. Kumbikumbi walikuwa wananigonga mimi, wanagonga mti, wanagonga kikapu. Pale aliposimama yeye walipita moja kwa moja, kama hapana kitu.

"Leo sitanii, mwanangu," alisema. "Nikitania hutanisikia. Lile neno la ghala lilikuwa kweli. Nililisema mara mbili."

Nikamwambia basi akaungame kwa padre.

"Limekwisha hilo," akasema, na sasa akatabasamu, tabasamu lake lile lile. "Huko nilikofika nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, nitasema hivi, nitasema vile. Sikuulizwa. Niliambiwa lilisikika siku ile ile. Nimepokelewa, mwanangu, kama mgeni aliyechelewa akakuta ugali bado wa moto."

Nikamuuliza, kama amepokelewa, kwangu anatafuta nini?

"Nimekaa pale nashiba, nikakumbuka kuna mtu anakula peke yake kwa ajili yangu. Nikaomba ruhusa. Waambie."

Nilifumba macho kwa sababu kumbikumbi mmoja aliniingia jichoni. Nilipoyafumbua, kijia kilikuwa kitupu. Sikukimbia, msidhani nilikuwa jasiri. Miguu ilikataa tu. Nilipoweza kutembea nilirudi nyumbani, na kikapu changu cha uyoga nilikiacha palepale mpaka leo.

Kijijini nikakuta lori, lililofika asubuhi mimi nimeshaondoka, limesimama mbele ya nyumba ya Yakobo. Estha alikuwa ndani analia. Yakobo alikuwa amefariki Tabora jana yake, na Daudi, aliyekwenda kumwona mgonjwa, ndiye aliyesaidia kuurudisha mwili. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Watani, ndio sisi kijiji kizima, walikuwa wameshaanza kazi. Kwetu mtani akifa hatumziki kimya. Kalunde alikuwa amejilaza ndani ya kaburi, anasema hilo ni la kwake, amelipimia mgongo wake, Mgogo atafutiwe kwingine. Ndiyo desturi: wafiwa watoe kitu, mtani akishakipokea utani unakoma, ndipo maziko yaendelee.

Nikasimama kwenye ukingo wa kaburi nikasema, "Yakobo amenituma. Anasema ghala alilichoma yeye, na mama yangu hana kosa."

Wakacheka. Daudi naye, na msiba wake, alicheka.

"Amekutuma lini, wifi," Kalunde akauliza kutoka shimoni, "na mimi nimemlalia kaburi lake tangu adhuhuri?"

"Leo. Nilikuwa kwenye uyoga."

Basi ndipo nikawa nimeharibu kabisa. Watu walishika mbavu. Mzee mmoja alisema binti huyu ameiva, tangu utani uanze hajasikia kama huo. Kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na nilipomtaja Mungu wakasema haa, amejifunza kwa Yakobo mwenyewe. Wanangu, hapo ndipo nilipoijua Jumapili ile ya Yakobo, ilivyokuwa kusimama pale na ukweli mkononi na hakuna wa kuupokea. Nikaona watamfukia, wataondoka wakinisifu, na mama mkwe wangu atarudi nyumbani kwake kupekecha vijiti. Alikuwa amekaa mbali na wenzake, kanga kichwani, anatazama chini. Yeye hakucheka safari hii.

Daudi akaja na kuku mwekundu, mnono, amefungwa miguu. Akanipa, utani uishe. Nikaweka mikono nyuma.

"Sitaki."

Akadhani nataka kuongezwa. Akaenda akarudi na wa pili.

"Sitaki hata mmoja," nikasema. "Sitanii."

Kalunde akatoa kichwa kaburini, udongo kwenye nywele, akaninong'oneza, "Chukua, wifi. Wawili hao."

Sikuchukua. Nani aliwahi kuona mtani akikataa kuku? Hata mimi sikuwahi kusikia, na nilikuwa ndiye ninayekataa. Nikaanza kulia, na mtani hamlilii mtani. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, huku mmoja, kule mwingine, mpaka ikabaki sauti ya kuku tu wakilalamika mikononi mwa Daudi. Kalunde akapanda kutoka shimoni bila kusaidiwa, akajipangusa, akasimama kando yangu.

Estha akatokea mlangoni. Alisema ni kweli. Alisema mumewe alimwambia usiku ule ule wa moto, na yeye akamkataza asiseme, kwa kuwa wao ni wageni, watafukuzwa. Na baada ya Jumapili ile alipotaka kurudia, Estha alimwambia umeshasema, wao ndio waliocheka, tulia. Alisema hayo akiwa amepiga magoti kwenye tope, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Watu wote wakageuka kumtazama mama Nyamizi. Akainuka polepole. Akapita katikati yetu, wakampisha. Akafika kwa Daudi, akamnyang'anya kuku wale wawili, akawakumbatia, akasimama mbele ya sanduku.

"Mgogo wewe," akasema. "Umenipekechesha vijiti kama watu wa kale. Hata kufa umeshindwa kufa bila kusumbua mkwe wangu. Kuku hawa nimechukua mimi. Nimekusamehe. Lala, na huko usimsumbue Mungu kwa maneno mengi."

Aliupokea utani, mnaelewa? Aliupokea kwa mkono wake, na deni la maneno likawa limekwisha mbele ya watu wote. Halafu akamwinua Estha kutoka kwenye tope kwa ule mkono uliobaki. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alicheka Jumapili ile, alisema alifikiri Yakobo amemwonea huruma, akatafuta njia ya kumchekesha, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amejali kumchekesha.

Gabrieli alipaswa kusali, lakini kwanza alivua kofia akaomba radhi. Alisema kumbe siku ile katika kanisa zima kulikuwa na Mmoja tu ambaye hakucheka, na huyo ndiye aliyekuwa anaombwa msamaha kuliko wote. Alisema Yakobo alikuwa ameshasamehewa Jumapili ile, kabla hajakaa tena kwenye gogo lake, na sisi tuliochelewa ndio tunaopaswa sasa kusali. Tukasali. Tukamzika vizuri. Kalunde ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, akamwambia haya, chukua kaburi lako, lina mawe.

Jioni ile mlango wa mama mkwe wangu ulifikiwa na vigae. Kila nyumba ilileta moto. Vilikuja vingi mpaka akakosa pa kuviweka, akatoka nje akauliza sasa mnataka niunguze na nyumba yangu mwenyewe, mseme ni mimi? Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kuku wote wawili walichinjwa. Tulikula uani kwake, Estha na Daudi wakiwa katikati yetu. Nilikaa karibu na mama nikamwambia, "Mama, na mimi nina kosa kwako." Nilikuwa nimepanga mengine mengi ya kufuatisha. Alichukua firigisi, ambayo kwetu haipewi mkwe, akaiweka kwenye mkono wangu, akaniambia, "Kula."

Tangu hapo, kanisani kwetu mtu akisimama kusema kosa lake, katekista humuuliza kwanza, "Kweli au utani?" Akisema kweli, watu wote hunyamaza. Gabrieli amekwishatangulia, na waliomfuata wote wameuliza hivyo hivyo, hata vijana wasiojua ilianzia wapi. Na mimi mpaka leo, mtani akinisalimu kwa adabu, natazama kwanza kama kuna mdudu wa kutua begani kwake.

Ninachowaonya ni hiki. Mtu akikwambia amekosa, usimcheke kwa sababu ni mcheshi, wala kwa sababu ni mlevi, wala kwa sababu umezoea maneno yake. Muulize mara ya pili, umtazame machoni. Mungu hana shida, Yeye husikia mara ya kwanza. Shida ni sisi, na si kila mtu atapewa ruhusa ya kurudi kutuambia tena.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka. Kama nimekosea, kama kuku hawakuwa wawili, au Daudi alikuwa binamu yake Estha na si kaka yake, walio hai waje wanisahihishe, mlango uko wazi. Na kama yuko aliyekuwepo kanisani Jumapili ile ambaye hakucheka, yeye aje wa kwanza. Mimi nakumbuka tulicheka wote.